Bakuli Tupu la Babu Mwiko

Kila siku akitoka shule, msichana alipitia mlango wa nyuma wa jiko la chuo kikuu na kukaa juu ya kreti la soda kumsubiri mama yake. Mama alikuwa mpishi mkuu hapo, tena mwenyekiti wa chama cha wapishi wa vyuo vikuu vyote. Mpishi wa nyama alikuwa mzee aliyeitwa Babu Mwiko.

"Mke wangu amefika!" mzee alimtania kila siku. "Leo tena umefeli hesabu?"

Mama hakuwa na utani. Sheria ya chama aliitunga yeye: kila mpishi, kabla hajapakua, aweke bakuli moja la chakula chake kwenye friji, ili watu wakiumwa kipimwe. "Asiye na bakuli hana utetezi," alisema mikutanoni, na wanachama wakampigia makofi.

Jumanne moja, mama alitoka nje kupokea simu ya chama. Msichana alifungua friji kutafuta maji, akaliona bakuli la nyama la Babu Mwiko. Mate yakamjaa. Alionja kipande kimoja, akaongeza cha pili. Uroho jamani! Alipokuja kushtuka, bakuli lilikuwa tupu. Alilirudisha hivyo hivyo, akafunga friji.

Kesho yake wanafunzi arobaini walikuwa wamelazwa, wanatapika. Friji ilipofunguliwa, bakuli la saladi iliyotengenezwa na mama lilikuwepo, limejaa. La Babu Mwiko halikuwa na kitu.

"Niliweka, Mwenyekiti. Haki ya Mungu niliweka!"

"Basi limeliwa na mashetani," mama alimjibu. Hakuna aliyehangaika kuipima saladi, maana mkosaji alikuwa ameshapatikana. Msichana aliyasikia yote akiwa juu ya kreti lake.

Jumamosi wanachama walijaa ukumbini. Msichana alikaa nyuma. Alijua kwamba mpishi akifukuzwa chamani, hakuna chuo kitakachompokea tena. Mama alimsimamisha mzee mbele ya wote, akachukua mkasi, akaikata beji ya chama iliyoshonwa kwenye aproni ya mzee.

"Mzee wa sumu!" mtu akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Babu Mwiko, aliyekuwa na jibu kwa kila utani, safari hii alishika uzi uliobaki palipokatwa beji.

Msichana akashindwa kuvumilia. Alisimama.

"Nyama niliila mimi! Niliimaliza yote, na sikuumwa hata tumbo!"

Kicheko kikakatika. "Kaa chini," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Asikae," alisema Babu Mwiko. "Kama aliila yote na ni mzima, lipimwe lile bakuli lililobaki."

Lilipimwa. Saladi ilikuwa imeoshwa kwa maji machafu ya tangi. Wanachama wale wale waliompigia mama makofi walimzomea mpaka akauacha uenyekiti. Babu Mwiko alirudishiwa kazi na beji yake.

Mama alimshika binti yake mkono, wakaenda jikoni kuomba radhi. Mzee alikuwa anakata nyama.

"Shikamoo, Babu," msichana alimwamkia.

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Nisamehe, Babu."

"Nyama nimekusamehe. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilidokoa. Lakini siku nne nzima ulijua sina kosa, ukanyamaza, mpaka nikachekwa na watu niliowafundisha mwenyewe kushika mwiko. Anayesema uongo ni mwongo. Na anayeuficha ukweli huku mwenzake anaumia, naye ni mwongo vilevile. Lishike hilo." Akamgeukia mama. "Nawe, mwanangu, siku nyingine pima kwanza, ndipo ushike mkasi."

Mama aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mzee wangu," alisema.

Msichana aliendelea kupita jikoni kila siku na kumwamkia mzee, na mzee aliitikia vizuri tu. Ila hakumwita tena mke wangu.