Kadi Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Kila Jumamosi msimu wa ndengu, Kanyiva aliamka mapema, akachota maji na kufagia uwanja wa kupuria. Kisha mama yake, Nthenya, ambaye ni dada yangu, alianzisha wimbo wa kanisani, nasi tukapiga ndengu kwa fimbo tukiufuata. Huku Kyuso anayepura bila wimbo huchoka haraka.

Jumamosi moja sauti ya Nthenya ilikatika katikati ya ubeti. Akakohoa kikohozi kikavu. Papo hapo Kanyiva akaidaka sehemu ya mama yake, akaimba kwa nguvu hata mbuzi wakageuka.

"Leo unataka kutupasua masikio?" nikamtania.

"Mama ameingiwa na vumbi tu, Mjomba," akajibu bila kuniangalia.

Nikakubali. Vumbi la ndengu huwasha koo la kila mtu. Nthenya alikuwa na saratani, na kila wiki tatu alisafiri hadi hospitali kubwa kutiwa dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Uvimbe ulikuwa unapungua. Nani angefikiria mabaya?

Jumatatu asubuhi Kanyiva alikuja mbio kwangu, amevaa sare na kubeba mkoba wa shule, lakini hana viatu. "Mjomba, Mama hawezi kumaliza sentensi!"

Tulimkuta ameketi kitandani, ameinama, midomo rangi ya jivu. Tukampakia kwenye bodaboda hadi zahanati. Tabibu Kiilu akamvisha kifaa kidoleni, akakunja uso.

"Themanini na nne. Ilitakiwa ipite tisini." Akamwekea oksijeni. "Naona ni nimonia. Nitampa antibiotiki, tungoje. Kuna dawa nyingine anayotumia?"

Nilifungua mdomo, lakini Nthenya akanitangulia. Akatikisa kichwa, akinitazama kwa macho makali. Nami, mtu mzima, nikanyamaza.

Kanyiva akamsogelea tabibu. "Niliapa nisiseme," akanong'ona. "Mama alisema hospitalini wakijua anakohoa watamkatia dawa, na saratani itarudi." Akamgeukia mama yake. "Nisamehe, Mama."

Akatoa kitabu cha nyimbo mkobani. Ndani yake mlikuwa na kadi nyekundu ya hospitali kubwa. Kiilu akaisoma kwa sauti: "Mgonjwa huyu anapewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Akikohoa au akikosa pumzi, pigeni simu nambari hii mara moja."

Akapiga. Alisikiliza, akaandika, kisha akatugeukia. "Kinga ikishaamshwa, wakati mwingine hushambulia mapafu ya mgonjwa mwenyewe. Antibiotiki peke yake haingemsaidia. Wameniambia nimdunge dawa ya kutuliza mapafu sasa hivi, kisha aende kwao leo leo."

Aende na nini? Gari la wagonjwa lilikuwa pale nje, linang'aa, halina mafuta. Wakubwa walikuja kulizindua na mahema na vipaza sauti, mafuta hawakuyakumbuka. Ni Mwau, mnunuzi wa ndengu, aliyeshusha magunia yake barabarani ili pikapu imbebe mgonjwa na mtungi wa oksijeni. Kanyiva alimshika mama yake mkono njia nzima, akihesabu pumzi.

Nthenya alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, lakini anaongea.

"Walikukatia dawa?" Kanyiva akauliza kwa woga.

"Wameisimamisha. Wanapima saratani, bado haijakua. Nilikukosea, mwanangu, kwa kukubebesha siri ile."

Nilikuwa napepeta ndengu. Nikaweka ungo chini.

"Marehemu Kaveke, mke wangu, alitiwa dawa kama hiyo," nikasema. "Alikohoa mwezi mzima. Hakuna aliyetupa kadi, na hilo sitawasamehe wakubwa wa hospitali. Lakini mimi pia nilimwambia ni vumbi, kwa sababu vumbi halitishi. Kanyiva, kumheshimu mkubwa si kumfichia kinachomuua. Ukiapishwa hivyo, vunja kiapo, mwite mtu. Ulitushinda sote siku ile."

Kanyiva akaitundika kadi kwenye msumari mlangoni, kila aingiaye aione. Kisha Nthenya akaanzisha wimbo, polepole. Ulipofika katikati ya ubeti Kanyiva alifunga mdomo, akasubiri. Mama yake akaumaliza mwenyewe.