Ngazi za Mji wa Watu

Asubuhi ile, kama kila asubuhi, Kitindamimba alifunga kiatu chake kimoja, akachukua magongo yake, kisha akamgeukia shangazi yake.

"Kitendawili!"

"Tega, lakini upesi. Fundi wa miguu ya bandia anaondoka saa sita, na akiondoka leo hatumpati mpaka mwakani."

"Wananibeba mchana kutwa, nikilala wanasimama ukutani."

"Magongo yako hayo! Twende."

Walivuka mpaka wa nchi kwa basi kufuata mguu huo. Waliposhuka, mhudumu wa kituo alimwuliza, "Binti, nikuletee kiti cha magurudumu?"

"Sihitaji," akajibu, pua juu. Kiti ni cha wagonjwa, alijisemea, na yeye mgonjwa?

Lo! Mji wa watu una visa. Njia ya waendao kwa miguu ilijaa pikipiki zilizoegeshwa. Daraja la kuvukia barabara lilikuwa na ngazi arobaini za kupanda na arobaini za kushuka. Alipomaliza ya mwisho, akasimama apumue. Bwana mmoja mwenye huruma akamnyanyua mzobemzobe, akakatiza naye katikati ya magari mpaka ng'ambo alikotoka!

"Baba, nishushe! Mimi nimeshavuka!"

"Usinishukuru, binti. Thawabu zangu hizi," alisema yule bwana, akaenda zake.

Ngazi themanini tena. Shangazi alimfuata akihema na kulaani.

Walifika saa sita kasorobo. Fundi yuko ghorofa ya tatu, na lifti imekufa.

"Mji gani huu?" alifoka Kitindamimba. "Wamewajengea mbuzi?"

Mlinzi wa mlangoni akamwuliza, "Utaweza kupanda, binti?"

"Nitawe..." Akaitazama mikono yake. Viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. "Siwezi, mjomba. Tangu asubuhi najidai naweza, lakini ni uongo. Naomba fundi ashuke."

Mlinzi akapiga simu. Punde si punde fundi akashuka na kanda yake ya kupimia.

"Tangu lifti ife nashuka kila siku," alisema, akianza kumpima palepale kwenye benchi. "Ila sishuki nisipoambiwa."

Shangazi alimfuta jasho mtoto wa kaka yake. "Ngazi hizi ni aibu ya waliozijenga, si yako. Lakini ukiulizwa unahitaji nini, sema kweli, maana anayetaka kukusaidia haoni ndani ya ngumi yako. Haya, kaa wima, fundi hajamaliza."