Mwalimu wa Pichani

Kila siku akitoka shule, Awuor alipitia kibanda cha mboga cha mama mzee mmoja, Shosho Waithera, pale Kinoo, kando ya Barabara ya Waiyaki. Mama yake, Peres, alifanya usafi kwenye nyumba za watu Loresho na alirudi jioni amechoka. Kwa hiyo kununua sukuma wiki ilikuwa kazi ya Awuor. Shosho aliikata nyembamba kama nyuzi, mkono ukienda wenyewe, mdomo nao ukiuliza habari za shule.

"Leo mmefunzwa nini, mami?"

Awuor alikuwa na miaka kumi na miwili, Gredi ya Sita, na alipenda kuwa wa kwanza. Akiwa wa pili, hata chakula hakikumpita kooni.

Muhula huo Mwalimu Wachira alitoa kazi. Kila mwanafunzi amsaidie jirani mmoja, kisha alete picha na maelezo. Picha bora ingeshindana na za shule nyingine huko mjini, na mshindi angepewa kikombe.

Awuor akaenda kibandani na daftari jipya, pamoja na Okinyi, mwanafunzi mwenzake, aliyeazima simu ya dada yake.

"Shosho, nataka kukufundisha kusoma."

Kisu kikasimama. "Mimi? Kweli, mami?" Shosho akainamisha kichwa. "Unajua, kanisani kwetu kuna Jumapili ya akina mama. Kila mmoja husoma mstari wake mbele ya watu. Mimi miaka yote niko jikoni napika chai. Natamani kusoma, hata mara moja tu, kabla sijafa."

Akafuta mikono, akafunga kitambaa safi kichwani, akashika penseli. Awuor akaonyesha herufi kwa kidole na kutabasamu. Okinyi akapiga picha tano. Hata herufi A hawakuimaliza.

"Nitakuja kesho tuendelee, Shosho."

"Nitakungoja. Sukuma nitaikata mapema ili tupate nafasi."

Kesho yake Awuor alikuwa na mtihani. Kesho kutwa kichwa kilimuuma. Shosho alilihifadhi daftari ndani ya karatasi ya nailoni, nyuma ya rundo la nyanya, na kila siku aliuliza, "Leo je, mwalimu?" Mwishowe Awuor akaanza kununua sukuma kibanda kingine.

Chini ya picha aliandika: "Kwa miezi miwili nimemfundisha nyanya huyu, na sasa anasoma vizuri."

Okinyi alipoyaona maneno hayo akacheka. "Ai, Awuor! Miezi miwili gani? Hiyo ilikuwa dakika tano!"

"Nyamaza wewe. Nani atajua?"

Picha ikashinda. Jumamosi moja wanafunzi walikusanyika katika ukumbi mmoja katikati ya jiji. Jina la Awuor likaitwa, akapanda jukwaani, akapokea kikombe. Kisha mwenye kuongoza sherehe akasema, "Msiondoke bado! Tuna mgeni."

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Wachira alikuwa amemleta Shosho Waithera kwa siri, akidhani anamfurahisha Awuor. Shosho alivaa sweta yake ya kanisani, na alitembea polepole, akiangalia ule umati. Akapewa kipaza sauti na karatasi.

"Shosho, tusomee mstari mmoja tu, tusikie kazi ya mwalimu wako."

Shosho akaitazama karatasi. Akamtazama Awuor. Kikombe mikononi mwa Awuor kikawa kizito kama jiwe.

"Mnisamehe, watoto wangu," Shosho akasema. "Nimesahau miwani nyumbani."

Watu wakacheka kwa wema na kupiga makofi. Awuor hakucheka. Shosho hakuwa na miwani. Macho yake yalimwona hata mdudu mdogo kwenye jani la sukuma.

Walipotoka nje Awuor alishindwa kumtazama usoni. "Shosho, mbona umesema vile?"

"Hivyo ndivyo mimi husema kanisani wakinipa karatasi. Nimezoea."

"Lakini mimi sikukufunza."

"Najua, mami. Ningesema hivyo mbele ya watu wote wale, wewe ungejificha wapi?"

Hakumfokea hata kidogo. Afadhali angemfokea.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, Mwalimu Wachira akakiinua kikombe juu, shule nzima ikashangilia. Awuor akasikia uso unawaka. Akatoka kwenye mstari.

"Mwalimu, hicho si changu. Sikumfundisha Shosho. Tulipiga picha tu."

Kisha sauti moja ya nyuma: "Sasa, mwalimu wa pichani!" Wote wakaangua kicheko. Jina hilo lilimfuata muhula mzima, hadi chooni.

Mwalimu Wachira alimwita pembeni. "Hata mimi nimeaibika. Niliangalia picha tu, na hata nilipokwenda kumchukua Shosho sikumuuliza kitu. Kikombe tutakirudisha, hiyo ni rahisi. Lakini Shosho bado hajui kusoma."

Jioni hiyo Awuor akarudi kibandani. Shosho akaondoa nyanya, akalitoa daftari, akasogeza debe Awuor akalie.

Kazi ilikuwa ngumu. Shosho alichanganya b na d wiki tatu nzima. Wateja waliwakatiza. Kuna siku Awuor alichoka akatamani kuondoka, lakini akikumbuka ule ukumbi, alikaa. Miezi minne ikapita hivyo.

Jumapili ya akina mama ikafika. Shosho aliwaalika Awuor na mama yake, wakaketi nyuma. Shosho alisimama mbele, kidole kwenye kitabu. Alisoma maneno tisa. Akakwama mara mbili, akarudi nyuma, akamaliza. Vigelegele vikapasua kanisa.

Nje, mama mmoja akapaza sauti: "Kumbe Becky amemfunza nyanya yake hivi! Mtoto mwenye akili!" Becky alikuwa mjukuu wa Shosho, karani wa ofisi moja huko Spring Valley. Shosho hakusikia, alikuwa amezungukwa na watu.

Moyo wa Awuor ukaruka. "Mama, si Becky! Niwaambie?" Hapo hapo akaona haya, akatazama viatu vyake.

Mama yake akamvuta karibu. "Kuna nyumba Loresho, mtoto wa pale ana pumu. Kila siku mimi huingia chini ya kitanda chake nikafagia. Hakuna anayeinama kuangalia kama nimefagia. Lakini nisipofagia, yule mtoto hukohoa. Kazi ni yake yeye anayekohoa, nyathina, mwanangu, si ya macho ya watu. Ukianza kutafuta nani anakuona, unamsahau unayemfanyia. Kule ukumbini umeshaona mwenyewe inavyouma. Leo Shosho amesoma au hajasoma?"

"Amesoma."

"Basi. Nenda ukampongeze."

Awuor akaenda kwenye foleni ya wanaompa Shosho mkono, akasimama nyuma ya wote, akangoja zamu yake.