Mguu wa Phulmati

Ndugu zangu, Jumanne ile ilianza vizuri nyumbani kwa Phulmati. Mumewe Jokhan, mfinyanzi, alikuwa akikanda udongo uani, naye Phulmati akichoma chapati. Wanawake waliochoka na kupandikiza mpunga walikuwa wanamsubiri. Phulmati alizaliwa akitanguliza miguu, na kwao mtu wa namna hiyo akikukanyaga mgongo mara saba, umepona. Wengi walipata nafuu kweli, na sifa zikamlevya.

Jokhan akainua bonge la udongo. Akapiga yowe, akashika mgongo, akaanguka.

"Nina daktari ndani ya nyumba, sina wasiwasi," alitania, akalala kifudifudi. Phulmati akamkanyaga mara saba, wanawake wakicheka.

Kesho yake maumivu yakashuka hadi miguu yote miwili. "Mama Sugi," Jokhan alimwita mkewe, "hapa ninapokalia pana ganzi. Hata kamba za kitanda sizisikii."

"Ganzi ndiyo kupona kwenyewe, baba. Lala."

Nani alimfundisha hayo? Hakuna! Alijitungia mwenyewe, kisha akampanda tena.

Alhamisi asubuhi Phulmati alikunja blanketi. Lilikuwa limelowa chapachapa.

"Jokhan! Umejikojolea?"

"Mimi? Acha utani wako."

Alipapasa chini yake, akautazama mkono wake uliolowa. Uso ukamwiva kwa aibu. Alijaribu kusimama, miguu ikalegea, akaketi chini kwenye udongo wake mwenyewe.  Phulmati akapiga kelele mpaka jirani akaja na mkokoteni.

Hospitalini daktari aliuliza, "Ganzi imeanza lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana! Mama, hili ni jambo la saa, si la siku. Mishipa ya fahamu imebanwa sehemu ya chini ya uti wa mgongo."

"Ni mguu wangu, daktari?"

"Huenda ulizidisha, siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba ungemleta jana, angefika angali anausikia mkojo wake."

Alipasuliwa siku hiyohiyo. Leo Jokhan anatembea kwa mkongojo, na mkojo anautoa kwa mpira. Ana miaka thelathini na sita.

Jumanne moja Dulari, jirani yao, alikuja akajilaza uani. "Wifi, panda basi, mgongo unaniua."

Phulmati hakuinua mguu. "Ganzi unayo unapokalia? Mkojo unausikia ukitoka?"

Dulari akaangua kicheko. "Maswali gani hayo, wifi!"

"Mjibu," alisema Jokhan kutoka kitandani. "Mimi sikuulizwa."

Kicheko kikamkauka Dulari mdomoni.

FUNZO

Mgongo wa kuinama shambani mara nyingi hutulia wenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini ukiona ganzi mapajani kwa ndani au unapokalia, miguu ikilegea, mkojo au choo kikigoma au kikitoka bila habari, nenda hospitali saa hiyohiyo. Maumivu yaliyofuata kuanguka kwa kishindo, au yanayokuja na homa na kukonda, nayo yapelekeni kwa daktari bila kuchelewa. Wala msione haya kutaja mkojo. Kuchelewa siku moja kumemwachia Jokhan mpira na mkongojo maisha yake yote.