Kisanduku Kisicho na Uzi

Ijumaa hiyo, jua likizama upande wa Kongo, Evas alirudi ofisini Bwera kwa kazi ya nusu saa tu. Nyumbani alimwacha binti yake Biira, wa miaka sita, pamoja na Lillian, mdogo wake Evas. Aliwaambia wasonge ugali wa muhogo, atarudi ukiwa bado moto.

Kazi yenyewe ilikuwa kupanga, na kwa kupanga Evas hakuwa na mpinzani. Sisimizi wakiingia jikoni kwake walikaa mstari wenyewe. Ofisi yao iliorodhesha familia zilizokimbia mapanga ng'ambo ya mto, na programu waliyotumia haikutaka mtu aandike amri. Unachora tu. Kisanduku cha kusoma orodha, uzi, kisanduku cha kuchuja, uzi, kisanduku cha kutoa ripoti. Orodha inapita humo kama maji mferejini.

Aliyeichora mara ya kwanza ni Philippe, kijana wa Butembo. Alivuka daraja kwenda kumzika kaka yake, na simu yake haijapatikana tena. Aliacha visanduku vimezagaa kila pembe. Medius, bosi wa Kasese, alitaka viwe safi kabla ya Jumatatu.

Getini alikaa Erifazi, mwanajeshi mstaafu, kwenye kiti chake cha plastiki. Alimwomba amalize mapema, maana leo hewa haikumpendeza. Evas akamtania kwamba askari mzee anaogopa giza hata kabla halijaingia.

Akaketi, akafungua kompyuta. Visanduku vya kusoma akavipaka buluu, vya kusafisha njano, vya kutoa ripoti kijani. Kila kundi akalizungushia fremu na kulipa jina. Nyuzi zilizopishana akazinyoosha. Ilimfurahisha kweli.

Kikabaki kimoja.

Kilikuwa chini kabisa, pembeni, rangi ya majivu. Hakikuwa na uzi wa kuingia wala wa kutoka. Kiliitwa "Wenye nafasi", na pembeni Philippe alikuwa ameandika: *Musiguse. Hawa beko na nafasi yao.* Kwa Kiswahili cha Kongo, yaani wana nafasi yao.

Alikifungua. Mistari arobaini na mmoja ya majina matupu, bila umri, bila kijiji. Baluku. Masika. Paluku. Masika. Masika...

Mtu wa Bwera hahitaji kuelezwa. Kwa Bakonzo, watu wa Evas, na kwa ndugu zao wa ng'ambo, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Mvulana wa kwanza ni Baluku, au Paluku kwa wa ng'ambo, wa pili Bwambale. Na mtoto akifa, anayemfuata hapandi. Marehemu hubaki na nafasi yake. Ndiyo maana Evas alichukia kuulizwa jina la binti yake. Ukisema Biira, swali la pili linakuja lenyewe: na Masika yuko wapi?

Masika alikuwa na miaka saba. Miaka minne iliyopita walikuwa kwa bibi yake, ng'ambo, jioni kama hii, watu wa mapanga walipoingia kijijini. Evas alimfunga Biira mgongoni. Wawili asingewaweza. Alimficha Masika nyuma ya pipa la muhogo uliolowekwa, akamwambia, "Kaa hapa. Usitoke." Akakimbia. Tangu siku hiyo, akiulizwa ana wasichana wangapi, hujibu mmoja.

Mafunzoni Kasese walifundishwa kwamba kisanduku kisicho na uzi ni uchafu. Akakifuta. Programu ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Kisha akaiendesha yote. Visanduku vikaanza kuwaka kimoja kimoja, kushoto kwenda kulia. Cha kusoma. Cha kuchuja. Ikafika kwenye kisanduku cha kupanga watoto kwa zamu ya kuzaliwa, kikasita... halafu kikawaka.

Harufu ikaingia. Muhogo uliolowekwa siku nyingi. Ofisini hapakuwa na muhogo.

Philippe alikuwa ameijaribu programu kwa familia za wafanyakazi, na majina yao yalikuwa bado juu ya orodha. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Erifazi. Siku zote uliandikwa Bwambale Erifazi. Sasa uliandikwa Baluku.

Nje, kitu kikatua.

Chwa.

Halafu tena. Chwa. Chwa. Sauti ya panga kwenye mgomba, ila mgomba hauombi maji.

Evas alitoka nje. Geti lilikuwa na kufuli kama alivyoliacha. Erifazi alikuwa chini, kando ya kiti chake. Mkono wa kulia ulining'inia kwa ngozi tu. Bega lilikuwa limefunguka mpaka mfupa, na damu ilikuwa inatafuta njia kwenye changarawe. Kwenye kiti hapakuwa na mtu, lakini plastiki ilikuwa imebonyea, imebeba uzito.

"Ni kaka yangu," alinong'ona. Kaka yake aliuawa vitani, wakiwa vijana. "Baluku. Anasema mimi nakaa kwa kiti yake."

Akafa akimwangalia.

Hapo ndipo Evas alipouona mstari wa pili, wa familia yake, akilini kabla hajauona kwa macho. Alirudi ndani mbio. Jina la binti yake lilikuwa limeshabadilika. Masika.

Alibonyeza kusimamisha. Visanduku viliendelea kuwaka. Aling'oa waya, betri ikashika. Akarudisha alichofuta, na kisanduku cha majivu kikatokea mahali pake, na maneno ya Philippe pembeni. Ndani kilikuwa kitupu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Evas sasa alilia waziwazi. Akaandika kwa mkono jina ambalo hakulitamka kwa miaka minne. Masika. Kisanduku kikawa chekundu.

*Nafasi imekaliwa.*

Simu ikaita. Lillian, kwa sauti ya chini kabisa.

"Evas, mutoto moja iko kwa mlango. Analoa maji ya muhogo. Anasema tumupe nafasi yake."

"Usifungue, Lillian. Tafadhali, usifungue."

Upande wa Lillian, komeo likalia.

"Biira amefungua."

Chwa.

Hakukumbuka alivyofika. Dereva wa boda alisema baadaye kwamba alikuwa anampiga mgongoni kwa ngumi njia nzima.

Mlango ulikuwa wazi. Lillian alikuwa ukutani, mkono ameuzungushia kitenge kilicholowa damu, na vidole viwili vilikuwa kizingitini. Mezani mtoto alikuwa anakula ugali. Gauni lilikuwa la Biira. Kovu la kuungua uji kwenye kiwiko lilikuwa la Biira. Lakini shingoni, kutoka sikioni mpaka mfupa wa bega, lilipita kovu jingine, pana, la zamani, la miaka minne.

"Biira," Evas aliita.

Mtoto alimeza kwanza.

"Nimemwambia akae pale," alisema. "Asitoke. Kama vile uliniambia mimi."

Polisi waliandika wezi wa mapanga. Erifazi alizikwa Nyakiyumbu Jumapili. Lillian alihamia Mubuku, na hapokei simu. Jumatatu Medius alimsifu Evas mbele ya wote kwa kazi safi. Majirani wanaona Biira tu, aliyepigwa na mshtuko, anayejiita Masika na kutaka muhogo kila siku. Evas anampikia. Anampenda, na anamwogopa, na usingizi hauji. Akiulizwa ana wasichana wangapi, bado anajibu mmoja.

Ila kila jioni, wenzake wakishatoka, hufungua programu. Kisanduku cha majivu kipo pale chini, kimerudi chenyewe, bila uzi. Ndani mna mstari mmoja. Biira. Ingetosha kukivutia uzi mmoja mfupi tu ili Biira arudi, na Evas anajua jinsi ya kuuvuta. Lakini akiuvuta, nani atanyanyuliwa mezani? Na kwa panga la nani? Ameshachagua mara moja kati ya watoto wake, hawezi mara ya pili. Kwa hiyo hakigusi.

Maneno ya Philippe yamefutika. Jana pembeni palikuwa na mengine, na Evas hakuyaandika.

*Mama, nikae mpaka lini?*