Mdomo wa Mrija

Redio alikuwa kimya, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunuka. Yule muuguzi hakupewa jina hilo kwa hisani. Aliongea akinawa, akaongea akivaa glavu, na usipomjibu alijijibu mwenyewe. Leo alichana pakiti moja baada ya nyingine, macho juu ya barakoa, bila hata kukohoa.

"Mume kakununia?" Bi Taratibu akamtania.

Redio akachana pakiti nyingine.

Bi Taratibu, muuguzi mkuu wa chumba cha watoto njiti, alikuwa ameshavaa glavu safi, mikono ameiinua kama aliyekamatwa na polisi. Ndivyo mfuko wa chakula cha mshipani unavyobadilishwa: mmoja anafungua pakiti, mwingine hagusi ila kilicho safi. Kitoto chenyewe, kidogo kama kiatu, kililishwa kwa mrija uliozama hadi karibu na moyo. Uchafu kidogo tu ukiingia pale, damu yote inageuka sumu, na mama aliyeketi kwenye benchi nje anarudi nyumbani mikono mitupu.

Akabana mrija, akautenganisha na mfuko uliokwisha, akausugua mdomo wake kwa spiriti.

"Imekauka, dada," Redio akasema hatimaye. "Unganisha."

Sauti ilikuwa yake. Lakini spiriti ilikuwa bado mbichi, na Redio wa kawaida angekuzuia hata kwa ugomvi. Angekupigia umbea mzima mpaka ikauke.

Mlango ukagongwa. "Bi Taratibu, huu mlango umekwama," mtu akanong'ona kwa nje. "Usiunganishe kitu mpaka nije, nakujua unavyokosa subira ukisikia njaa."

Nyuma ya kioo cha mlango alisimama Redio, boksi la glavu mkononi.

Bi Taratibu hakumgeukia yule aliyekuwa naye ndani. Angeshika kitasa angejichafua, angeuachia mdomo wa mrija ungegusa shuka, na pampu ya kusukuma chakula ilikuwa imeshaanza kulia, sukari ya kitoto ikishuka, huku harufu ya maziwa yaliyoungua ikipanda taratibu kutoka kwa yule aliyesimama begani pake, ambaye barakoa yake haikupanda wala kushuka, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na pumzi, na ambaye sasa alimnyooshea mpira mpya wa kuunganishia mfuko, ndani ya pakiti iliyofunguliwa, karibu, karibu zaidi.

"Kina njaa, dada. Nifungulie tu. Nitaingia polepole, kama wewe."

Bi Taratibu akauchukua ule mpira kwa vidole viwili. Akauachia ukaanguka sakafuni.

"Umeshachafuka," akasema. "Tunaanza upya."

Kile kitu kikacheka chinichini. "Anzeni. Kesho mfuko utaisha tena. Na kesho kutwa. Mimi sina haraka."

Mlango ukafunguka wenyewe. Redio akaingia, akamkuta mwenzake peke yake, jasho linamtiririka.

"Mbona umepauka hivyo? Umeona jini?"

"Nivishe glavu nyingine, fungua pakiti mpya. Na uongee. Usinyamaze hata kidogo."

Redio, ambaye hajawahi kuombwa hivyo na binadamu yeyote, akaongea. Spiriti ilipokauka kabisa wakaunganisha, na pampu ikatulia.

Bi Taratibu akatoka hadi kwenye benchi, akamshika mama mkono. "Mwanangu, kamua maziwa. Hata tone. Akianza kumeza kwa mdomo, ule mrija tutauchomoa mapema."

"Hayatoki, mama. Nimejaribu."

"Jaribu tena. Nakuomba."

"Kuna nini?"

Akakaa naye, akimkanda mgongo, mpaka tone likatoka, likafuatwa na la pili. Wakayapeleka ndani, wakayadondosha mdomoni mwa kitoto. Ulimi ukachungulia. Koo likapanda, likashuka.

"Mlafi kama mimi," Redio akanong'ona.

Mama akacheka huku analia. Nyuma yao, kwenye kona isiyo na mtu, kiti kikalia polepole, kama kilichokaliwa na mtu mzito aliyeamua kusubiri.