Chaja ya Waifai

Kila Jumamosi, nikimaliza kufua sare, nilitoka nje kuzungusha mti wa antena huku Mama akipaza sauti kutoka ndani, "Hapo hapo, Kavata! Usiguse tena!"

Jumamosi moja Trizah, jirani yetu hapa Kimbo, alinicheka mbele ya wasichana waliokuwa wakiteka maji.

"Bado mnazungusha mti? Watu siku hizi wana-stream mtandaoni! Hiyo TV yenu wapee watu wa museum!"

Wasichana waliangua kicheko. Niliwaka hasira. Nikajiambia, huyu atanitambua.

Nilijua kwamba saa nane angetazama mashindano ya dansi. Kifaa chao cha waifai kilikuwa kwenye korido, kwa sababu walikitumia pamoja na nyumba ya pili. Nikachomoa chaja yake, nikaificha ndani ya debe letu la unga.

"Nani amebeba chaja?" Trizah alilia. Mimi nilijimiminia chai, nikainywa polepole. Sijawahi kunywa chai tamu namna ile.

Mara Nyanya akabisha hodi. Alikuwa ametoka Gatuanyaga, viatu vimejaa vumbi.

"Nimekuja kumwona Mutie akiimba," alisema. Mutie ni kaka yangu, na kwaya ya shule yao ilikuwa kwenye tamasha huko Nyeri.

Nikakimbilia TV.

"Huko hawaonyeshi," Mama akasema. "Liko mtandaoni tu. Mama Trizah ametualika kwake. Walipangiwa kuimba saa nane na nusu."

Tayari ilikuwa saa tisa kasorobo. Nikafungua debe la unga. Nikaitoa chaja, mikono imejaa unga, nikampelekea Trizah, Mama na Nyanya wakinifuata.

"Ni mimi. Nilitaka ulie."

Angeweza kunifungia mlango. Mimi ningemfungia. Lakini alichomeka chaja, akairudisha video nyuma hadi kwaya ya Mutie ilipopanda jukwaani. Nyanya akapiga vigelegele.

"Kumbe hii humngoja mtu!" akashangaa. "Basi mtatupa TV za antena?"

"Waifai ikikatwa, tutaenda kwa kina Kavata," Trizah akajibu, akiniangalia bila kucheka.

Nyanya akanishika mkono. "Aliyekuudhi ni mmoja, lakini wewe ulitunyima sote, hata ndugu yako. Mtu akikukosea, mwambie usoni, kama ulivyofanya sasa. Ila siku nyingine mwambie kabla hujachomoa kitu."